Fundi Anajibu: Kutu hiyo si ya stenlesi yako

Tangu nieleze namna ya kuchomelea masufuria makubwa ya shughuli, barua nyingi zinazofika hapa karakana, Unga Limited, Arusha, zinauliza jambo moja: bodi za magari za stenlesi tupu, zisizopakwa rangi. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa, kwa sababu mwenyewe amepata hasara na bado inaweza kuzuiwa isiendelee.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mama wa supu na chapati, nauzia karibu na Soko la Mbuyuni, Moshi. Mwaka jana nilinunua kirikuu nikatengenezewa bodi ya nyuma ya stenlesi, haina rangi hata tone, nikijua nimeachana na kutu. Hela ile ni ya kikoba cha miaka miwili. Masika ilipoanza, ubavu wa kushoto ukatoka vidoa vidogo vya kahawia kama mtu kanyunyiza chai. Nikasugua kwa stilwaya vikatoka, wiki mbili baadaye vikarudi vingi kuliko mwanzo. Jirani akaniambia nipake jiki nilaze usiku kucha. Sasa vimekuwa vyeusi na nikipitisha kucha nasikia vishimo. Nimeweka sumaku, haishiki. Usiku gari nalilaza uani kwa fundi wa mageti kwa sababu pana mlinzi. Je, nimeuziwa stenlesi ya uongo? – Mama Supu, Moshi.

JIBU: Marahaba, mama. Pole sana, na asante kwa kueleza kila kitu, maana jibu umeliandika mwenyewe katika sentensi ya kuelekea mwisho. Ubavu wa kushoto ndio ulioharibika, na gari linalala uani kwa fundi wa mageti. Nenda leo jioni utazame grainda yake inarusha cheche upande gani. Nina hakika kubwa kwamba zinaelekea ubavu huo.

Stenlesi ni chuma kilichochanganywa na kromiamu, angalau asilimia 10.5. Ile inayotumika zaidi kwenye vyombo vya chakula, namba 304, ina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli kama 8. Kromiamu iliyo juu ya uso hushikana na oksijeni ya hewa na kufanya ngozi nyembamba mno, unene wa nanomita chache, isiyoonekana kwa jicho. Ngozi hiyo ndiyo inayozuia kutu. Ukiikwaruza hujirudisha yenyewe, mradi uso uwe safi na hewa ifike.

Sasa cheche ya grainda ni chembe ya chuma cha kawaida kilichopata moto mkali. Inaruka, inatua kwenye bamba lako, inanata. Wakati wa kiangazi huioni. Mvua ya kwanza ikipiga, chembe ile inashika kutu yake yenyewe, na wewe unadhani ni bamba linaloza. Ulipoleta stilwaya, ile ya kusugulia masufuria, uliondoa vidoa lakini ukaacha vipande vidogo vya waya wa chuma vimejipachika kwenye mikwaruzo. Ndiyo maana vilirudi vingi. Halafu ikaja jiki. Ndani yake mna klorini, na klorini ndiyo inayotoboa ile ngozi mahali padogo padogo na kuchimba kwenda chini. Vishimo unavyovisikia kwa kucha ni kazi ya usiku ule mmoja.

Nakwambia hivi kwa uchungu kwa sababu kosa la chuma cha kawaida kugusa stenlesi nililifanya mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimepewa tangi la maziwa nilimalizie mishono. Nikachukua diski ya grainda iliyokuwa imekata nondo asubuhi ile, nikapiga mishono yote ikang'aa vizuri. Baada ya siku kumi na nne tangi likarudishwa. Kila mahali diski yangu ilipopita palikuwa na mstari wa kahawia, kama mtu aliyefuata mkono wangu kwa kalamu. Mwenye maziwa hakugomba. Alisimama tu akilitazama tangi lake, na ule ukimya wake ninao hadi leo. Nilifanya kazi siku tatu kwa mkono kulirudisha. Tangu hapo diski, brashi na misasa ya stenlesi katika karakana yangu vina rafu yake, na mipini nimeipaka rangi ya buluu. Kijana akichanganya, namsimamisha kazi siku hiyo tukae tuongee.

Cha kufanya. Kwanza suuza bodi yote kwa maji mengi, sabuni ya maji ya vyombo, kisha maji tena, mpaka harufu ya jiki iishe kabisa. Usiharakishe hatua hii, mama, maana dawa inayofuata ni chachu, na jiki ikikutana na kitu kichachu hutoa hewa ya klorini inayochoma mapafu. Ikibidi, ioshe leo na uache hadi kesho.

Kisha tafuta asidi ya sitriki, ule unga mweupe mchachu wanaotumia watengenezaji wa juisi. Gramu 100 kwa lita moja ya maji ya vuguvugu. Vaa glovu na ukinge macho. Ubavu wa gari umesimama, dawa itateremka, kwa hiyo lowanisha vitambaa vya pamba uvibandike kwenye madoa, uviweke vibichi kwa dakika 20. Dawa isikaukie pale. Ondoa, sugua taratibu kwa dodoki jipya la nailoni ukifuata mistari myembamba ya kiwandani, ile tunayoiita nyuzi, wala usizungushe mkono. Suuza kwa maji mengi, futa pakauke.

Ili ujue kama chembe zimekwisha, bandika kitambaa cheupe chenye maji safi usiku, ukifunike na nailoni kisikauke. Asubuhi kifunue. Kikiwa na alama ya kahawia, rudia dawa. Kikiwa cheupe, umemaliza.

Vishimo havitajaa. Vilivyo vifupi fundi mwenye msasa mpya, ambao haujagusa chuma kingine, anaweza kuvisawazisha kwa kufuata nyuzi. Vilivyo virefu viache, ila usiruhusu uchafu ukae ndani yake. Asikushawishi mtu kuvipiga puti.

Kuhusu sumaku: haitoi hukumu. Namba 304 haivutwi, au huvutwa kidogo sana kwenye mikunjo. Lakini hata namba 201, ambayo sehemu kubwa ya nikeli yake imebadilishwa na manganizi ili iwe rahisi kwa bei, haivutwi, nayo ni dhaifu zaidi mbele ya chumvi. Tena namba 430 huvutwa barabara na bado ni stenlesi halali. Kwa hiyo sumaku yako haijakwambia kama umeibiwa wala kama hukuibiwa. Muulize aliyekutengenezea akuonyeshe risiti ya bamba na namba yake. Atakayekuja kutengenezewa baada yako adai namba hiyo iandikwe kabla hajatoa hela.

Na supu, mama. Supu ina chumvi na ndimu, na inamwagikia mlango wa nyuma kila siku. Chumvi ni ndugu wa jiki katika jambo hili. Kila jioni kabla hujafunga, kitambaa chenye maji ya sabuni, kisha maji matupu, kisha kikavu. Ni kazi ya dakika tano. Na kama huna pengine pa kulaza gari, funika ubavu wa kushoto kwa turubai.

SWALI: Habari za kazi, fundi. Mimi ni dereva wa watalii, naishi Ngaramtoni. Land Cruiser letu la kambi lina sanduku la jiko nyuma lililovikwa stenlesi tupu, na mabamba mengine chini ya milango. Tukirudi kutoka Ziwa Natron linakuwa na weupe kama chokaa. Vijana wa kuosha magari hufuta vumbi kwa kitambaa kikavu kwanza, ndipo wanapaka sabuni ya unga. Sasa limejaa mikwaruzo ya duara na ukilitazama juani linaumiza macho. Bosi anataka ling'ae kama kioo. – Dereva, Arusha.

JIBU: Nzuri, kaka. Nimeipita njia hiyo ya Mto wa Mbu, Engaruka hadi Ngare Sero, na najua vumbi unalolisema. Huingia hadi kwenye kifuko cha shati. Vumbi la volkano ni kama msasa. Kijana anapofuta kikavu, anasugua bamba kwa mchanga, na mkono wake ukizunguka, mikwaruzo nayo inazunguka. Waambie maji yatangulie. Mpira wa maji au mashine ya presha, kuanzia juu kwenda chini, mpaka maji yanayotoka chini yawe safi. Hapo ndipo sabuni ya maji na kitambaa laini cha maikrofaiba, mkono ukienda mbele na nyuma kwa kufuata nyuzi. Sabuni ya unga waiache kwa nguo, punje zake hukwaruza.

Ule weupe wa Natron una magadi na chumvi ndani yake. Ukiwa mkavu haudhuru sana, ila umande wa usiku ukiushukia unakuwa maji ya chumvi yaliyosimama juu ya chuma. Kwa hiyo usisubiri mpaka mfike Arusha siku ya tatu. Mkifika mahali penye maji matamu, mwageni ndoo mbili tu juu ya sanduku, hata bila sabuni. Nimeona watu wakichukua magadi yenyewe kusugulia stenlesi eti kwa kuwa babu zetu walisugulia vyungu. Hapana. Yana chumvi na yana changarawe.

Angalia zaidi mahali usipopaona: nyuma ya mabano ya dumu, chini ya mpira wa mlango, kwenye bawaba. Nilimweleza Mama Supu hapo juu kwamba ngozi ya stenlesi inahitaji hewa ili ijirudishe. Matope ya chumvi yakijibana kwenye ufa mwembamba, hewa haifiki, na bamba huanza kuliwa pale pale wakati uso mzima unang'aa. Kila baada ya safari tatu nne, fungua mabano, safisha, kausha, funga.

Madoa ya maji ni habari nyingine. Maji ya pande zetu chini ya Meru yana floraidi na madini mengi, hilo tunalijua kwa meno yetu ya kahawia. Yakikaukia juu ya bamba huacha duara jeupe. Osheni asubuhi au jioni, kamwe siyo saa saba mchana bamba likiwa la moto, na mfute maji kabla hayajakauka. Duara zilizokwisha kaa, siki nusu na maji nusu kwenye kitambaa, kisha suuza. Ukiweza kukinga maji ya mvua kwenye pipa, yatumie kwa suuza ya mwisho, utaona tofauti.

Alama za vidole na mafuta ya jikoni, kitambaa chenye spiriti kinatosha. Wengine hupaka mafuta mepesi yasiyo na harufu ili alama zisionekane. Kwa gari la mjini sawa. Kwa gari lako yatashika vumbi lote la Engaruka.

Kwa mikwaruzo iliyopo, dodoki la nailoni jipya, bamba likiwa safi na bichi, unavuta mstari mmoja mrefu kutoka mwisho hadi mwisho, kwa nguvu ileile, ukifuata nyuzi. Jaribu kwanza pembeni mahali pasipoonekana. Ukisugua kidoa kimoja tu katikati, utapata kiraka kinachoonekana kuliko mkwaruzo wenyewe. Na umwambie bosi kwa heshima: bamba lililotoka kiwandani na nyuzi halikukusudiwa kuwa kioo. Akiling'arisha likawa kioo, kila tawi la mgunga litaandika jina lake pale, na juani litawapiga macho madereva wenzako. Nyuzi huficha mengi. Mimi ningeziacha.

SWALI: Shikamoo babu fundi. Nasoma ufundi magari hapa Moshi. Kwenye simu tunaona Cybertruck ya Marekani, bodi yote stenlesi, na wenyewe wanalalamika ina kutu. Mwalimu wetu anasema lilikuwepo gari jingine la hivyo zamani. Ni kweli? Na kwa nini magari yote yasitengenezwe hivyo? – Mwanafunzi, Moshi.

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Mwalimu wako anasema kweli, na yapo hata ya kabla ya hilo analolisema. Mwaka 1936 kampuni ya Ford ilishirikiana na Allegheny Steel, watengenezaji wa stenlesi, wakatoa magari sita ya bodi ya stenlesi kwa kuonyesha. Gari la mwalimu wako bila shaka ni DeLorean DMC-12, lile la milango inayofunguka kwenda juu kama mabawa. Lilitengenezwa Dunmurry, karibu na Belfast, Ireland ya Kaskazini, mwaka 1981 hadi 1982, yapata 9,000. Mabamba yake ni 304 yenye nyuzi, yamevikwa juu ya bodi ya plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo. Hapa nataka usimame kidogo: chini kabisa, fremu yake ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya kinga. Rangi hiyo ikipasuka, fremu inaoza huku bodi ikiwa safi. Ukikuta gari la namna hii, lala chini ya gari kabla hujasifu ubavu.

Cybertruck zilianza kukabidhiwa wanunuzi tarehe 30 Novemba 2023, na mwanzoni mwa 2024 baadhi ya wenye nazo wakaonyesha picha za vidoa vya rangi ya machungwa baada ya mvua. Maelezo yaliyotolewa ni yaleyale niliyompa Mama Supu: chembe za chuma kutoka nje zimetua juu, nazo ndizo zinazoshika kutu. Chembe hizo hutoka kwenye breki, kwenye reli, kwenye karakana. Kitabu cha gari hilo chenyewe kinamwambia mwenyewe asisubiri siku ya kuosha: kinyesi cha ndege, utomvu wa miti, wadudu waliokufa, lami na chumvi ya barabarani viondolewe mara moja. Wenzetu wa nchi za baridi humwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu. Sisi hatuna hiyo, lakini tuna maua ya mijakaranda yanayoozea juu ya magari Oktoba na Novemba, na kunguru.

Kwa nini magari yote yasiwe hivyo: stenlesi ni ghali, na ni ngumu kuikunja. Bamba la Cybertruck ni gumu kiasi kwamba halikubali kufinyangwa, ndiyo maana uso wake umenyooka kama kabati. Tena fikiria ajali. Gari la rangi likibonyea, fundi wa bodi atanyoosha kadiri awezavyo, atapiga puti, msasa, rangi, na hutajua. Stenlesi tupu haina pa kuficha. Ni lazima ubonyeze kutoka ndani mpaka iwe sawa kabisa, kisha urudishe nyuzi, au ubadilishe bamba zima. Ukitaka kuwa fundi wa kweli wa kunyoosha, jifunzie hapo.

SWALI: Fundi, nakusalimu. Mimi ni mwenzako, natengeneza bodi za magari ya boksi pale Majengo, Moshi. Napiga mabamba ya stenlesi kwa ribiti za alumini. Miezi sita tu, kuzunguka kila ribiti panatoka unga mweupe, na nyingine zinakatika. Bamba halina tatizo. Ribiti ni mbovu? – Mwenzako wa Majengo.

JIBU: Salama, mwenzangu. Ribiti zako ni nzima. Umeoanisha metali mbili zisizopatana. Maji yakiziunganisha, hasa yenye chumvi, inakuwa kama betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa ili stenlesi ipone. Kinachozidisha ni kwamba ribiti ni ndogo na bamba ni kubwa, kwa hiyo mzigo wote wa bamba zima unamwangukia yule mdogo. Screw za kuchovya zinki zitakufanyia hivyohivyo, na zitakuchafulia bamba kwa kutu.

Tumia ribiti na bolti za stenlesi. Mahali ambapo bamba linakalia fremu ya chuma cha kawaida, paka fremu rangi kwanza kisha weka kipande cha mpira au plastiki katikati, visigusane. Ukitoboa, toa vumbi lote la drili kwa sumaku na kitambaa kibichi kabla hujafunga, maana vumbi la fremu likibaki chini ya bamba utaniandikia tena. Na unapochomelea, ile rangi ya buluu na dhahabu inayobaki kando ya mshono usiiache kwa kuwa inapendeza. Chini yake kromiamu imepungua, na kutu itaanzia hapo. Isugue kwa brashi ya waya wa stenlesi, au utumie dawa ya kuondolea alama za moto, kisha suuza vizuri. Zile bodi ulizokwisha kabidhi, waite wenyewe uzibadilishe ribiti moja moja, ukianzia za chini, ndiko maji yanakokaa.